Jinsi ya Kubadili Taa za Darini, Themi, Bila Kuwasumbua Zimamoto

Anza kwa kuhesabu zilizokufa. Simama katikati ya sebule, inua kichwa, zunguka taratibu. Katika nyumba nyingi za Themi, Arusha, zilizopigwa jipsamu, dari ina vidaraja viwili, ua la plasta katikati na taa ndogo za kuzamisha pande zote nne. Mbili haziwaki. Moja huwaka inapotaka. Nyingine inawaka bila kukosa, ila ukingo wa jipsamu unaoizunguka umeanza kuwa kahawia. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna mtu nyumbani anayeilalamikia.

Mwongozo huu una kejeli, na kejeli yenyewe ina wenyewe wawili. Wa kwanza nitamwita Fundi Tepu. Anakuja na bisibisi moja, teste moja na roli ya tepu nyeusi, na anafahamika kila mtaa kuanzia Themi hadi Ngaramtoni. Wa pili ni mwenye nyumba anayempigia simu Fundi Tepu huku akijua vizuri ni nani. Alilipa mamilioni kwa dari inayoonekana, sasa anaona uchungu kulipa kwa waya usioonekana. Nawacheka wote wawili hadharani, na nakimaanisha kila ninachowaambia, kwa sababu chini ya dari hiyo kuna watu wanalala.

Kabla hujanunua chochote, panda ukaangalie. Taa ya kuning'inia hutoa mwanga na joto lake palepale sebuleni, mbele ya macho ya kila mtu. Taa ya kuzamisha inakuletea mwanga wewe, na joto inalipeleka kusikoonekana. Chukua halojeni ya wati 50, ambayo ndiyo iliyofungwa katika nyumba nyingi kabla LED hazijashuka bei. Sehemu ndogo tu ya umeme inayokula hugeuka mwanga; iliyobaki ni joto. Tena zile zenye kioo cha rangirangi mgongoni zilitengenezwa makusudi ili joto kubwa litokee nyuma na mwanga wa mbele uwe baridi. Dukani hilo ni jambo zuri, maana nguo na nyama hazichomwi. Juu ya dari maana yake ni kwamba kila taa inapuliza joto kwenye kenchi.

Na kwenye kenchi kuna nini? Mbao za paina au saipresi, kavu kwa miaka. Vumbi la kiangazi lililoingia chini ya bati. Vipande vya gazeti, majani na manyoya vilivyobebwa na panya, ambaye Juni na Julai, Mlima Meru unapojifunika na Arusha inakuwa baridi, hutafuta sehemu kavu yenye vuguvugu. Wengine wametandaza sufi ya kioo darini ili mvua ya masika isiwanyime usingizi, na sufi hiyo wameilaza juu ya migongo ya taa. Yenyewe haiungui kirahisi, lakini inazuia joto lisitoke, na taa iliyofunikwa inapika waya wake mwenyewe mpaka ganda la plastiki linakauka na kupasuka.

Panda mapema, saa moja asubuhi, kabla jua halijapiga bati. Vaa barakoa, funga tochi kichwani, kanyaga mbao na kamwe usikanyage jipsamu. Jipsamu haibebi mtu. Angalia mgongo wa kila taa. Kama kuna kiota, kitoe. Kama mbao iliyo karibu imeiva rangi, ikumbuke taa hiyo. Kama waya umeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu, umeshamjua fundi aliyetangulia.

Hapo ndipo hesabu ya LED inapopendeza. Taa 12 za halojeni za wati 50 zinakula wati 600; zikiwaka saa tano kila jioni ni yuniti tatu za LUKU kwa usiku mmoja. Taa 12 za LED za wati sita zinakula wati 72, yaani karibu theluthi moja tu ya yuniti kwa saa zilezile. Kwa mwezi unatoka yuniti 90 unafika chini ya 11. Kazi nzuri ya fundi mwenye leseni inaanza kurudisha gharama zake hapo, na huo ndio mwanzo wa kumnyima Fundi Tepu sababu ya kuitwa.

Nani aguse

Watu husema kanuni za umeme ni urasimu wa wazungu wa ofisini. Historia inasema vingine. Kanuni za kwanza za kufunga nyaya Uingereza, ambazo mjukuu wake ndiye kiwango BS 7671 wanachosomea mafundi wengi wa kwetu, zilitolewa mwaka 1882 na chama cha wahandisi wa telegrafu. Kichwa chake kilitaja wazi shabaha: kuzuia hatari ya moto itokanayo na taa za umeme. Taa ndizo zilizoanza. Friji, pasi na tivi vilikuja baadaye na kukuta taa tayari zimewafundisha watu adabu.

Kwetu, Sheria ya Umeme ya 2008 na kanuni zilizo chini yake zimeiweka kazi ya kufunga nyaya mikononi mwa watu wenye leseni, na anayeitoa leseni hiyo ni EWURA. Leseni ina madaraja, maana kufunga nyumba ya familia si sawa na kufunga kiwanda. Ina jina la mwenyewe na tarehe ya kwisha. Wewe mwenye nyumba unaweza kubadili globu: unazima, unasubiri ipoe, unachomoa ya zamani na kuchomeka mpya ya aina ileile. Lakini ukibadili taa nzima, ukakata waya, ukaunga waya, ukaondoa transfoma, hiyo ni kazi ya kufunga umeme, na ina wenyewe.

Muulize basi. Mazungumzo yatakuwa hivi:

“Fundi, leseni yako ya EWURA naomba niione.”

“Mama yangu, mimi hii kazi nimeanza zamani. Njiro yote hiyo ya chini nimefunga mimi.”

“Hongera fundi. Leseni je?”

“Iko nyumbani, mama. Lakini hii ni taa tu.”

Fundi mzuri hajibu hivyo. Anaitoa, unaisoma, mnaendelea. Arusha haina njaa ya mafundi waliosoma: Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, VETA zinatoa vijana kila mwaka, na wengi wao wanatafuta kazi ndogo kama hii ili wapate jina. Anayemrukia kijana huyo na kumwita Fundi Tepu anastahili kuchekwa kwa sauti. Ni mtu huyohuyo ambaye akienda kununua gari kuukuu anaongozana na mafundi wawili, mmoja wa injini na mmoja wa bodi, pamoja na shemeji anayejua kusikiliza mlio. Kwa umeme wa nyumba wanamolala watoto wake anauliza swali moja tu, nalo ni bei.

Hata ukimpata fundi wa kweli, baki uisome sehemu inayofuata. Mwenye nyumba anayejua kazi inavyotakiwa kwenda hadanganywi, na fundi anayejua kwamba anatazamwa na mtu anayeelewa hupunguza njia za mkato.

Kuzima

Themi kuna namna tatu za kuzima umeme ambazo si kuzima.

Ya kwanza ni kubonyeza swichi ya ukutani. Swichi inaizima taa. Waya unaoileta sakiti darini bado una volti 230. Katika nyumba nyingi umeme unafika kwanza kwenye taa, unashuka kwenye swichi, kisha unarudi, kwa hiyo palepale unapotia mkono kuna waya ambao swichi haiujui kabisa.

Ya pili ni kungoja TANESCO wakate. Fundi Tepu anaipenda sana hii. Umeme ukikatika Themi nzima, anachangamka, anapanda ngazi, anasema tuwahi kabla haujarudi. Anachosema ni kwamba ameweka maisha yake mikononi mwa mtu aliye kwenye kituo cha Njiro ambaye hajui kwamba yeye yupo juu ya ngazi. Umeme haugongi hodi ukirudi.

Ya tatu ndiyo ya kisasa zaidi: yuniti za LUKU zimeisha, basi nyumba imezimika. Imezimika mpaka mtoto wa chumba cha pili anayetaka kuangalia mpira atumie simu kununua, aingize tarakimu 20, na akuletee umeme ukiwa umeshika waya kwa vidole vitatu.

Kuzima kwenyewe ni huku. Nenda kwenye meni swichi, zima yote au ishushe breka ya sakiti ya taa, kisha weka kufuli au funga mlango wa boksi na ubandike karatasi: FUNDI YUPO DARINI, USIWASHE. Mwambie kila aliye nyumbani, hadi dada wa kazi na mgeni aliyefika jana. Kama una inveta yenye betri, sola au jenereta, hicho ni chanzo cha pili cha umeme na kinazimwa kivyake. Siku hizi nyumba nyingi za Arusha zimeunga taa kwenye inveta ili giza lisiwakute, na inveta inafanya kazi yake kwa uaminifu: ukizima meni, yenyewe inawasha taa ndani ya sekunde, hata ile unayoifungua.

Halafu upime. Teste ile ya bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini inautumia mwili wako kukamilisha njia ya umeme. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao, na viatu vya raba, mchana kweupe, kitaa kinaweza kuwaka kwa unyonge usikione, ukaamini waya umekufa kumbe u hai. Kuna siku kitawaka kwa umeme kidogo uliorukia kutoka waya wa jirani, na ukazoea kukipuuza. Fundi wa kweli ana kipimo chenye ncha mbili. Anakijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, kwa mfano soketi ya sakiti nyingine ambayo haijazimwa. Kisha anapima waya za taa: laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi. Kisha anarudi kukijaribu tena mahali penye umeme, ili ajue hakikufia njiani. Zote hizo hazizidi dakika mbili. Ukiona fundi anafanya hivyo bila kuombwa, mwandalie chai ya maziwa yenye tangawizi. Huyo ni mtu wa kumtunza.

Rangi na uongo wake

Bonyeza taa ishuke, na ulinde vidole, maana zile springi mbili za pembeni zinauma kweli. Sasa unaona nyaya.

Uingereza iliziacha rangi nyekundu na nyeusi kwa nyaya za kudumu za majumbani. Kuanzia 2004 kahawia na bluu ziliruhusiwa, na kufikia 2006 zikawa lazima kwa kazi mpya. Kwetu seti hizi mbili za rangi bado zinaishi pamoja. Nyumba ya zamani ina nyekundu na nyeusi, chumba kilichoongezwa nyuma kina kahawia na bluu, na mahali zinapokutana ni juu ya dari hiyo unayoifungua. Nyeusi katika nyaya za zamani za fezi moja ni nyutro. Katika rangi mpya za fezi tatu, nyeusi ni mojawapo ya laivu. Tena hata katika nyumba ya zamani peke yake, waya mweusi unaorudi kutoka kwenye swichi si nyutro hata siku moja. Ni laivu swichi ikiwashwa. Fundi mwenye adabu anauvalisha ganda jekundu au tepu nyekundu ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Hapo tepu inafanya kazi iliyoumbiwa, na Fundi Tepu, ambaye ana roli nzima ya tepu, hapo ndipo hajawahi kuitumia.

Kwa hiyo usifuate rangi. Fuata kipimo, na kabla hujakata chochote piga picha kwa simu, uandike kila waya ulikotoka.

Kuna dalili moja ambayo kila aliyebadili halojeni kwa LED anapaswa kuijua. Unazima taa usiku, chumba kina giza, lakini zile LED bado zinatoa mwanga hafifu, kama haziko tayari kulala. Watu wanazipenda, wanaona zinasaidia mtoto asiogope. Mara nyingine sababu ni ndogo: nyaya ndefu zilizolala pamoja zinapitishiana umeme kidogo, na LED haihitaji mwingi. Lakini wakati mwingine sababu ni kwamba aliyefunga nyumba aliipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Maana yake ni kwamba kila taa katika chumba hicho, ikiwa imezimwa, bado ina volti 230 kwenye holda yake. Mtu anayezima swichi na kupanda kubadili globu anajiona salama, na hayuko salama. Kosa hilo linarekebishwa kwenye swichi, na linarekebishwa kabla ya taa mpya hata moja kupanda.

Mahali pa kuunga

Ukitaka kujua moto wa darini unaanzia wapi, tazama kiungo kabla ya kutazama taa. Waya mbili zilizosokotwa zikifungwa kwa tepu zinagusana vizuri siku ya kwanza. Taa inawaka, zinapata joto, zinatanuka. Inazimwa, zinapoa, zinasinyaa. Baada ya misimu kadhaa zimelegea, na gundi ya tepu imeyeyuka na kukauka. Kiungo kilicholegea kina ukinzani, na ukinzani ukipitishiwa umeme hutoa joto, joto linalegeza zaidi, na mduara unaendelea wenyewe. Breka haitalikamata tatizo hilo. Umeme unaopita haujazidi. Umefika tu mahali pabaya. Unaweza kuwa na breka bora kuliko zote Arusha na kiungo kikawaka huku yenyewe imetulia.

Fundi Tepu anajipima kwa swali moja: imewaka? Ikiwaka, anashuka ngazi, anasema, “Bosi, kazi tayari,” na anapokea hela yake. Kila kosa ninalolitaja humu linawaka vizuri jioni ya kwanza.

Kiungo cha kweli kinakaa ndani ya boksi. Nyaya zinashikwa na konekta ya skrubu au ya kubana, iliyoandikiwa ampia zake. Ganda la nje la waya linaingia mpaka ndani ya boksi, ili zile nyaya za ndani zenye ganda moja zisibaki zimeanikwa kwenye kenchi. Kuna kibano kinachoshika waya, ili panya akiupitia au mtu akiuvuta, uzito usiende kwenye skrubu. Na boksi la skrubu likae mahali pa kufikika, maana skrubu inatakiwa kukazwa tena siku moja. Waya wenyewe uwe wa milimita mraba 1.5 wenye ethi, nyuma ya breka ya ampia 6 au 10. Ule waya mwembamba wenye upande mwekundu na upande mweusi ulitengenezwa kwa ajili ya spika. Nimeuona darini mara nyingi ukibeba taa za chumba kizima, na aliyeuweka huko hana cha kujitetea.

Breka ina hadithi yake ya kusikitisha. Taa zinapiga shoti, breka inaanguka. Fundi Tepu anaitoa breka ya 10 na kuweka ya 32, na tatizo halionekani tena. Breka ilikuwa inaulinda waya. Sasa waya wa taa umebaki bila mlinzi, na siku ya shoti wenyewe ndio utakaokatika, kwa kuyeyuka.

Ethi isikatwe kwa sababu taa mpya haina mahali pa kuiweka. Taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina insulesheni mbili na haihitaji ethi. Taa yenye mwili wa chuma bila alama hiyo inaihitaji. Katika hali zote mbili waya wa ethi uendelee kutoka taa hadi taa, umalizikie kwenye konekta yake, kwa ajili ya taa ya kesho.

Kununua

Nenda dukani na kipimo cha tundu. Pima kipenyo cha tundu lililopo kwa milimita, wala usipime uso wa taa. Tundu dogo linaongezeka. Tundu kubwa kuliko taa litakupeleka kwa fundi jipsamu, na huyo naye ana foleni. Pima pia kina cha nafasi iliyopo juu hadi kwenye mbao.

Shika taa mkononi. Geuza usome mgongo wake au usome boksi dogo la draiva. Inatakiwa kuandikwa mtengenezaji, volti, wati na joto inaloweza kuhimili. Kwenye draiva nyingi utaona herufi ta, ambalo ni joto la mazingira inaloruhusiwa kufanyia kazi, na tc, ambalo ni kiwango cha juu cha joto la ganda lake. Draiva yenye ta ya nyuzi 40 ni ya nyumba ya ubaridi. Ukiilaza moja kwa moja chini ya bati la Januari, itakufa mapema nawe utaisingizia TANESCO. Chagua ya ta kubwa zaidi, na uilaze mbali na bati na mbali na mgongo wa taa. Isiyoandikwa chochote, irudishe kaunta hata kama muuzaji ni jirani yako wa ibada. Uliza pia habari za alama ya ubora ya TBS, kwa sauti, mbele ya wateja wengine. Muuzaji akizoea kuulizwa, ataagiza zinazojibu.

Soma volti. Iliyoandikwa 220–240 inategemea umeme uliotulia. Kaskazini tuko mbali na mitambo mikubwa, na umbali unakula volti. Machi 2025 serikali yenyewe ilieleza kwamba itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini kwa sababu ya upotevu wa njiani. Draiva inayoanzia volti za chini zaidi inavumilia jioni za kupikia, na tofauti ya bei ni ndogo.

Kama taa za zamani zilikuwa za volti 12, usichomeke LED ukaiacha transfoma ya halojeni. Transfoma hizo nyingi zinahitaji mzigo wa chini, mara nyingi wati 20 na kuendelea, ndipo zifanye kazi sawasawa. Ukizipa LED ya wati tano zinakonyeza, zinaimba, kisha zinakufa. Itoe transfoma kabisa, uweke taa ya volti 230 yenye draiva yake. Na dima ya halojeni ing'oke pia, isipokuwa taa mpya imeandikwa inakubali dima na dima yenyewe imeandikwa inakubali LED.

Bafuni tazama namba za IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na vidole, ya pili ni ya maji. Taa iliyo juu ya mahali pa kuogea, chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni, isipungue 4 kwenye maji. Mimi ningeweka IP65 bafu zima na kuacha ubishi. Sakiti hiyo iwe nyuma ya RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampia 30, na toleo la 2018 la BS 7671 limetaka ulinzi huo kwa taa za nyumba nzima.

Kwa nyumba za ghorofa kuna jambo zito zaidi. Jipsamu isiyotobolewa inauzuia moto kwa muda, na muda huo ndio watu wa juu wanaoutumia kutoka. Kila tundu la taa ni dirisha la moto. Zipo taa za kuzamisha zenye pete ndani yake inayofura kwa joto na kuliziba tundu; ni ghali kidogo, na chini ya vyumba vya kulala sioni sababu ya kuweka nyingine.

Na punguza idadi. Sebule ya Themi si njia ya kurukia ndege KIA. Aliyeweka taa 24 kwenye chumba cha mita tano kwa nne amejitobolea matundu 24, ameweka viungo vya waya 48 na zaidi, na jioni anawasha nne kwa sababu zote zikiwaka wageni wanafinya macho. Ukiwa unabadili, ziba nusu.

Kabla fundi hajashuka

Kazi ikiisha, fundi asiwashe kwanza. Apime. Megga (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kati ya nyaya, taa na draiva zikiwa zimetolewa ili zisiungue, isome angalau megaohmu moja. Sakiti yenye afya husoma zaidi ya hapo kwa mbali. Ahakikishe ethi inafika hadi taa ya mwisho. Ahakikishe laivu ndiyo inayopita kwenye swichi. Abonyeze kitufe cha RCD, kisha aipime kwa kifaa: kwa miliampia 30 ikate ndani ya sekunde 0.3.

Ndipo awashe, na mkae. Taa ziwake saa nzima huku mkinywa ile chai. Kisha apande tena na aguse, umeme ukiwa umezimwa, kila boksi la kiungo. Linalochoma kidole lifunguliwe. Akimaliza, aandike kwenye karatasi: tarehe, jina lake, namba ya leseni, aina ya taa, ampia za breka, vipimo alivyopata. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la meni. Fundi Tepu hataki kuandika jina lake popote, na mwenye nyumba anayemwachia aondoke hivyo amekubali kwamba siku ya moshi atapiga 114 bila kujua la kuwaambia Zimamoto.

Mlipe fundi siku hiyohiyo, bila kumwambia arudi Jumatatu. Kisha tuma mtu dukani akanunue taa mbili za ziada, za aina ileile kabisa, na uziweke kabatini pamoja na maboksi yake. Mwakani moja ikifa utaambiwa, “Zile hazipo tena, kaka, zimekuja hizi,” na hizi zitakuwa na tundu la milimita tano zaidi.